Matroni wa Makanisa Manne

Wapo watakaosoma haya wakitafuta pa kumkosoa, kwa hiyo nawarahisishia kazi. Matroni alikuwa mkali kupita kiasi. Kuomba radhi hakukujua. Mwaka wangu wa kwanza shuleni alininyoa kichwa mbele ya bweni zima kwa sababu nilipaka nywele mafuta yenye harufu, na kwa zile nywele sijamsamehe mpaka leo. Lakini asitokee mtu akaniambia mimi kwamba yule mama alikuwa mbaya. Tutakosana hapo hapo.

Tulimwita Matroni, na wachungaji nao walimwita Matroni. Alikozaliwa sitakueleza. Huku kwetu swali la "kwenu wapi" lina miiba yake. Kuna familia ambazo wazee wao walivuka mpaka kutoka Burundi. Leo ni raia, wanalima, wanafanya biashara, watoto wao wanaimba kwaya moja na sisi, na bado hakosekani mtu wa kuwauliza kwao ni wapi. Matroni akiulizwa alijibu, "Kwani unataka kunioa?" Mwulizaji akaishia hapo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alituita wote kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa "wewe wa Heru Juu", jirani yangu wa kitanda "wewe wa Muyama", na sidhani kama alijua majina yetu ya ubatizo.

Shule ipo juu ya kilima upande wa Kibondo, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka Kitahana. Ni ya wasichana, na ni ya makanisa manne: Waanglikana, Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato. Hakuna hata moja kati yao lililoweza kuijenga peke yake, ndiyo maana walijenga pamoja. Walikuwa wakibishana kuhusu maji ya ubatizo, kuhusu kunena kwa lugha, kuhusu siku ya kuabudu, na wanabishana hadi leo. Lakini walikubaliana kwamba binti anaweza kusoma fizikia bila kuacha kusali, avae gauni lililovuka magoti, asimiliki simu, na asiibe mtihani. Mjini Kasulu walitucheka, wakatuita masista wasio na parokia. Wacheke. Mimi leo ni mwalimu wa hisabati katika shule ile ile, na wengine waliotucheka wananiletea binti zao niwafundishe.

Mkataba wa makanisa hayo ulikuwa na kurasa nyingi, na Matroni alishika jambo moja tu humo ndani: binti atoke getini na imani aliyoingia nayo, na cheti mkononi. Hilo ndilo alilowaahidi wazazi wetu kila Januari. Alisimama getini na kanga yake kiunoni, akapokea masanduku, akamtazama kila mzazi usoni, na kusema, "Nitakurudishia huyu kama ulivyonipa, ila atakuwa na akili zaidi." Baba yangu, mzee wa kanisa la Wasabato, hakuwa mtu wa kumwamini kirahisi mpentekoste kama Matroni. Aliporudi nyumbani alimwambia mama, "Yule mama ananitisha. Mtoto atakuwa salama."

Kabla sijafika mimi, shule ilishawahi kulala njaa kwa kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Mkuu wa shule wa wakati ule, mtu mwenye nia njema, alipanga zamu za jikoni kwa kanisa: siku hii kanisa hili, kesho lile. Akapiga kura ili asionekane kupendelea, na kura ikawapa Wasabato Jumamosi. Jumamosi ikafika. Wasabato wakavaa nguo za ibada, kwa sababu kwao hiyo ni siku ya kupumzika na moto hauwashwi. Waanglikana wakasema si zamu yao. Wabaptisti wakasema zamu yao ni Jumatano. Wapentekoste wakaanza maombi. Saa sita jiko lilikuwa baridi, na wasichana zaidi ya mia walikuwa wanatazamana.

Mkuu wa shule akamwomba Matroni awaamuru Wasabato wapike. Akakataa. Akamwomba basi awaamuru wengine. Akakataa pia, akisema kwamba watu waliopiga kura wakiwa wameshiba waonje matunda ya kura. Akagonga kengele na kutangaza kwamba leo shule nzima imefunga, walimu wakiwemo, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo ili asipite mtu na muhogo mfukoni. Jua lilipozama Wasabato walikimbilia jikoni bila kuambiwa, wakapika ugali na maharage, wakawapakulia wote.

Kesho yake akaandika zamu mpya kwa mkono wake. Jumamosi wapike wanaosali Jumapili, Jumapili wapike wanaosali Jumamosi, na siku zilizobaki wachanganyike. Vitandani akafanya hivyo hivyo: kitanda cha chini kanisa moja, cha juu lingine. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa chini, na juu yangu alilala yule wa Muyama, mpentekoste, aliyekuwa akiomba kwa sauti mpaka chuma kinatetemeka. Nililalamika. Matroni akaniambia, "Ukiumwa tumbo saa tisa, yeye ndiye atakuwa macho. Nyamaza."

Ijumaa jioni ilikuwa siku ya kitu ambacho sijakiona shule nyingine yoyote. Kila msichana alileta kitabu cha mafundisho cha kanisa lake, akasimama mbele ya Matroni, na kusema kwa kichwa alichojifunza wiki hiyo. Matroni alishika kitabu, akafuatisha kwa kidole, na ukikosea neno alikurudisha mwanzo. Nakumbuka Mwanglikana mmoja alikuwa anababaika kwenye fungu la ubatizo wa watoto wachanga, jambo ambalo Matroni hakuliamini hata kidogo. Yule binti akadhani amepata upenyo. Akasema, "Lakini Matroni, si wewe mwenyewe unasema mtoto mchanga hawezi kutubu?"

"Ndiyo, ninasema," Matroni akajibu. "Na ukitaka kunipinga utanipinga na nini, kama hata la kwenu hulijui? Rudia."

Mimi alinisikiliza mafundisho ya Sabato kwa miaka minne. Alinisahihisha, akanichapa mara mbili, na siku niliyomaliza kitabu alisema nimesoma vizuri kitabu chenye makosa. Nilicheka, naye akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa cha ghafla, na kikimtoka alifunika mdomo kwa kanga, kana kwamba amevunja sheria yake mwenyewe.

Na sheria zake alizivunja, sitawadanganya. Alikataza vioo bwenini, naye alikuwa na kioo kidogo chini ya mto. Alimnyang'anya msichana mmoja mafuta ya midomo akisema ni anasa, halafu tukaona visigino vyake vinang'aa mwezi mzima. Hakuogopa askofu wala mkaguzi wala mbwa, lakini radi zikianza kupiga milimani, na huku kwetu zinapiga kweli, aliingia kitandani na viatu, akajifunika gubigubi na kuamuru tumwimbie. Tulimwimbia nyimbo za makanisa yote manne mpaka mvua ipite. Vitambaa vya sare alinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu mjini Kibondo, na mzee mmoja wa kanisa alipomwambia angetafuta duka la Mkristo alijibu kwamba yule mzee wa duka hapunji kipimo, na kwamba yeye ananunua kitambaa, hanunui imani. Wakibishana bei, yeye na yule mzee wa duka walipigiana makofi ya salamu ya Kiha, polepole, viganja vikipokezana, halafu wakaanza upya kubishana.

Sasa niseme la mtihani, maana bila hilo mimi nisingekuwa ninaandika.

Nilikuwa kidato cha nne. Shule za jirani zilikuwa zinafanya mtihani wa majaribio wa pamoja, na karatasi ya hisabati ikapangwa Jumamosi asubuhi. Wasabato tulikuwa watano darasani. Msimamizi alikuja kutoka shule nyingine na bahasha zake, akaambiwa kuna watano hawataingia. Akasema asiyekuwepo saa mbili ataandikwa mtoro, na mtoro hapati matokeo. Mkuu wa shule alikuwa anakuna shingo. Wachungaji walikuwa mbali. Matroni akatoka jikoni mikono ikiwa na mawese.

"Hawa watakaa kwangu mpaka jua lizame," alimwambia. "Hawataona mtu, hawatasikia mtu. Jua likizama utawapa karatasi."

"Mama, sheria ni sheria."

"Basi andika utoro. Na jina langu liandike hapo juu. Andika kwamba hawa ni watoto, wametoroshwa na mimi."

"Wewe ni Msabato?"

"Oya, hapana! Mungu apishe mbali," akasema, na hata yule msimamizi alitabasamu.

Akatufungia kwenye stoo ya maharage, sisi watano, na yeye akakaa mlangoni. Chooni alitusindikiza mmoja mmoja, na akiona msichana mwingine kwa mbali alimfukuza kwa jiwe. Hakula, kwa sababu aliona chakula kingempa mtu sababu ya kuja. Mle ndani alituimbisha nyimbo zetu za Sabato, siku aliyoamini si Sabato. Mchana mwenzetu mmoja alianza kulia kwa hofu. Matroni akaingiza kichwa.

"Mwana wanje, mwanangu, sikiliza. Kuhusu siku, mmekosea. Mmekosea kabisa, na kama ningekuwa na muda ningewaonyesha kwenye Maandiko. Lakini mzazi wako alinipa Msabato, na Msabato ndiye nitakayemrudishia. Futa kamasi."

Jua lilipozama msimamizi alikuwa bado yupo. Nadhani alibaki kuona mwisho wake. Alifungua bahasha mbele yetu, tukafanya hisabati kwa taa ya sola, na Matroni akisinzia wima ukutani. Nilipata alama ya juu kuliko wote. Tangu mwaka huo, mtihani wa majaribio wa pamoja haupangwi tena Jumamosi kwenye shule zile, na wanaonufaika na hilo hawamjui aliyekaa mlangoni.

Watu wakisikia hadithi hiyo husema alitupenda sana sisi Wasabato. Si kweli, na ndiyo maana nasimulia na hii nyingine, iliyomgharimu yeye.

Mwaka mmoja mwinjilisti wa kanisa lake yeye mwenyewe alikuja kuhubiri shuleni kwa siku tatu. Alikuwa na sauti na moto, na siku ya tatu wasichana kumi na mmoja, karibu wote Waanglikana, walisimama wakilia wakitaka kubatizwa upya, kwa kuzamishwa. Mwinjilisti akapanga kuwapeleka mtoni alfajiri. Matroni alikuwa akiomba ubatizo wa namna hiyo maisha yake yote. Aliamini ndio pekee wa kweli. Alfajiri ile walimkuta amesimama katikati ya njia ya mtoni.

"Baba Mwinjilisti," akasema, "hawa wana wazazi. Wakifunga shule, waende makwao, waombe ruhusa, wabatizwe hata mara saba. Ndani ya muhula hapana. Hapa hatuibi kondoo."

"Matroni, unamzuia Roho!"

"Roho ana subira. Wewe ndiye una haraka ya basi."

Wasichana wakarudi bwenini wakilia, na wengine hawakumsemesha mwezi mzima. Kanisa lake halikulifumbia macho hilo. Alitengwa. Kwa wasiojua: mtu aliyetengwa hukaa benchi la nyuma, haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya watu na kutubu. Alikaa benchi hilo karibu mwaka mzima na hakutubu. Alikwenda kila Jumapili, mvua au jua, akakaa nyuma na kuimba kwa sauti iliyofunika kwaya. Mchungaji alimwita ofisini mara nyingi. Mwishowe alimrudisha kimya kimya bila toba, na nilisikia wazee walisema ni afadhali akae mbele wanapoweza kumwona.

Niliwahi kumuuliza kama ilimuuma. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, tukichambua maharage. Alisema, "Kunyimwa Meza kuliniuma kila Jumapili. Nililia nyumbani." Akaendelea kuchambua. Hakuniambia kwamba ilistahili.

Alistaafu miguu ilipoanza kumkataa, akahamia Kitahana kwenye nyumba ndogo yenye shamba la muhogo nyuma. Alikuwa na mwanamke wa jirani wa kumchotea maji. Nilimtembelea mara chache kuliko nilivyopaswa, na mara ya mwisho nilikwenda na dhambi.

Mfadhili alikuwa amejitokeza kujenga mabweni mapya shuleni: manne, kila kanisa lake, kila moja na matroni wake, jiko lake na chumba chake cha ibada. Mazuri, ya matofali ya kuchoma, yenye maji ndani. Kamati ilipenda. Walisema utakuwa mwisho wa ugomvi wa zamu, wa kelele za maombi, wa wazazi kulalamika. Kila kanisa lilitakiwa litoe mwalimu mmoja wa kusaini kwa niaba yake kabla ya mkutano wa Jumatano. Kwa Wasabato nilichaguliwa mimi. Nilisaini. Nilijiambia binti zetu watapumzika siku yao bila kuomba ruhusa ya mtu. Halafu sikupata usingizi, na Jumapili nikachukua bodaboda kwenda Kitahana, nikitaka aniambie nimefanya vizuri.

Nilimkuta ametoka kanisani, amekaa mlangoni, viatu bado miguuni. Nilipiga magoti kidogo, nikapiga makofi ya salamu.

"Mwakeye, Matroni."

"Mwakeye. Wewe wa Heru Juu, umenenepa. Sema kilichokuleta."

Nikamweleza yote. Matofali, maji, vyumba vya ibada. Nilieleza kwa ufasaha, kama mtu anayetetea tasnifu. Alisikiliza akitazama muhogo uliokuwa umeanikwa uani.

"Umesaini?"

"Nimesaini, Mama."

Akakung'uta vumbi kwenye kiatu kimoja. Nilitamani anitukane.

"Msichana wa bweni la Wasabato," akasema mwishowe, "akifika kidato cha nne atakuwa amebishana na nani?"

Akajielekezea kidole kifuani.

"Na wa bweni la kwetu, atajua wapi kwamba Mwanglikana naye huomba akilia? Mtawalea watoto wanaoamini sana na hawajawahi kuulizwa kitu. Wakifika chuoni mtu wa kwanza atakayewauliza atawabeba wote." Alivuta pumzi. "Wakati ule sikulinda imani zenu kwa kuzitenga. Nilizilinda kwa kuziweka kitanda kimoja. Hilo hukuliona? Miaka minne hukuliona?"

"Nililiona, Mama. Niliogopa mchungaji."

"Hata mimi nilimwogopa wa kwangu," akasema. "Nishike mkono."

Nikadhani anataka kwenda ndani kulala. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi mno, na hilo lilinishtua kuliko maneno yake. Alimwita jirani yake, akamwambia aanue muhogo mvua ikija. Akachukua Biblia, kanga ya pili na sufuria ndogo, akavifunga kwenye shuka.

"Mwambie kijana wa pikipiki asiondoke."

"Mama, unakwenda wapi? Mkutano ni Jumatano."

"Najua ni Jumatano. Nitakaa bwenini mpaka Jumatano. Walete kamati yao, walete na mfadhili. Waligawe nikiwa ndani."

"Na miguu yako?"

"Sitatembea. Nitakaa tu."

Dereva alimweka katikati, mimi nyuma nikamshika kiuno, na furushi likiwa mapajani mwangu. Njiani kila nilichotaka kusema kilikuwa kisingizio. Getini mlinzi mpya, ambaye hakumjua, alitaka ajiandikishe kwenye daftari la wageni. Matroni akamwambia si mgeni, afungue. Akafungua.

Wasichana walimpisha kitanda cha chini karibu na mlango. Aliketi, akauliza aliye juu ni wa kanisa gani, akaambiwa Mbaptisti, akasema vema. Mimi nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu wa shule nyuma ya ofisi. Alikuwa anakula. Nikamwomba ile karatasi.

"Ya nini, Mwalimu? Si umeshasaini?"

"Nimekuja kufuta," nikamwambia. "Na Jumatano nitaeleza kwa nini, mchungaji wangu akiwepo."

Aliniangalia, akaacha kijiko, akanipa karatasi na kalamu. Nilikata jina langu kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni kwamba nimelikata mwenyewe, kwa hiari yangu. Kutoka bwenini tulisikia sauti ya kikongwe ikimwambia msichana fulani arudie tangu mwanzo.